Ratiba ya Giza na Mbalamwezi

Ratiba ya kwanza niliiandika nyuma ya katoni ya sabuni, kwa kukumbuka ile iliyokuwa ukutani nilipokuwa darasa la nne. Saa mbili kamili, Hesabu. Saa tatu, Kusoma. Saa nne, uji. Saa nne na nusu, Kuandika. Niliweka hata Michezo siku ya Ijumaa, na chini kabisa nikaandika kwa kalamu nyekundu: KUCHELEWA NI MARUFUKU. Nikaipigilia misumari ukutani, nikarudi nyuma kidogo, nikaitazama jinsi mtu anavyotazama nyumba aliyomaliza kuiezeka.

Wanafunzi walikuwa wawili. Wa kwanza ni mdogo wangu wa kike, aliyekuwa anakaribia miaka tisa, mrefu kuliko umri wake. Wa pili ni kitinda mimba wetu, wa kiume, miaka sita, mwenye maswali kuliko meno. Mwalimu nilikuwa mimi, kaka yao, mvuvi wa dagaa hapa Murangi, mtu aliyeishia kidato cha pili.

Siku ya tatu ratiba ikafa. Nilikuwa nimetoka ziwani alfajiri, baada ya usiku mzima wa kuvuta wavu. Nikanawa, nikavaa shati safi kwa sababu niliamini mwalimu hawezi kufundisha huku ananuka dagaa, na saa mbili kamili nikaanza Hesabu kama ilivyoandikwa. Nakumbuka nikiandika saba jumlisha nne ubaoni. Ubao wetu ulikuwa kipande cha mlango wa zamani nilichokipaka unga mweusi wa betri. Yaliyofuata nilisimuliwa. Nilikaa kwenye kigoda kupumzisha mguu, chaki mkononi, nikalala hapo hapo.

Watoto walisubiri. Kisha mdogo wangu wa kike akaniuliza kwa adabu, "Kaka, tuandike jibu?"

Nami, macho yamefumba, nikamjibu kwa sauti ya kazini: "Vuta! Vuta, wanatoka!"

Nilipoamka jua lilikuwa utosini. Jirani yetu alikuwa amesimama mlangoni, kashika kiuno, anacheka mpaka khanga inamtoka. Ni mama mtu mzima, mwanikaji dagaa, na usiku nikiwa ziwani watoto walilala kwake.

"Mwalimu mkuu," akasema, "kengele ya kutoka imeshalia au bado?"

Sikuelewa kwa nini anazidi kucheka hadi nilipojipangusa uso, mkono ukatoka mweupe. Kitinda mimba alikuwa amenichora masharubu kwa chaki.

Lazima nieleze tulifikaje hapo. Baba alitangulia, mama akafuata. Matanga ya mama yalipokwisha, ndugu waligawana watoto, si kwa ubaya, kila mmoja kwa nafasi aliyokuwa nayo. Binti alikwenda Nyamuswa, upande wa Bunda, kwa shangazi yetu mwenye ng'ombe na shamba la pamba. Mdogo alikwenda Butiama kwa mama mkubwa. Mimi nilibaki kwenye nyumba ya wazazi kwa kuwa nilikuwa nimeshaacha shule na ziwa lilikuwa linanilisha.

Walilelewa vizuri. Binti alinenepa kwa maziwa ya Nyamuswa. Ila shule ikawa kila mara ni ya mwakani. Alikuwa amesoma muhula mmoja tu wa darasa la kwanza hapa kwetu, na barua ya uhamisho haikufuatiliwa na mtu. Mwaka ukapita, na mwingine. Nilipokwenda kumsalimia nikamkuta anawaita ndama kwa majina, wote wanakuja mbio, lakini jina lake mwenyewe hawezi kuliandika likaisha.

Ndipo nikaomba kikao cha ukoo, nikasema nataka wadogo zangu warudi nyumbani.

Baba mdogo, ambaye ndiye anayesimama mahali pa baba yetu, alinigeukia. "Utawalea na nini, na wewe usiku uko ziwani?"

"Hivi hivi, baba mdogo."

"Hivi hivi hailiwi."

Shangazi naye akasema, "Mimi huyu binti nimemzoea. Asubuhi ng'ombe wangu hawatoki zizini mpaka wasikie sauti yake. Na wewe baba, utamfundisha nini? Kuvua?"

"Nitamfundisha kusoma. Mwaka umeshafika katikati, shule nimeshaenda kuuliza. Mwalimu mkuu amesema atampima Januari. Akiweza kusoma ukurasa na kueleza alichosoma, akajumlisha na kutoa, atamweka darasa la tatu na wa umri wake. Akishindwa, la kwanza, benchi moja na mdogo wake."

Kikao kikaamua hivyo hivyo. Akiingia la tatu, wote wawili wanabaki kwangu. Asipoingia, ina maana nimeshindwa kazi, na kila mmoja anarudi alikotoka, Nyamuswa na Butiama. Niliitikia haraka, kabla mtu hajaongeza sharti lingine.

Tulipokuwa njiani kurudi Murangi, binti naye aliweka sharti lake. "Kaka, mimi nikikalishwa na wanaonyonya vidole, narudi kwa shangazi kwa miguu."

"Unaijua njia?"

"Nitauliza. Mdomo si ninao?"

Kwa hiyo ile katoni ukutani haikuwa mchezo, na ilipokufa siku ya tatu nilikaa nje nikiwa na masharubu yangu ya chaki, nikaanza kuogopa. Aliyeokoa jahazi ni binti mwenyewe. Alikuja na sahani ya viazi, akakaa, akasema bila haraka, "Kaka, si tuwe tunasomaga ukiwa macho?"

Maneno machache, lakini yalifungua kila kitu. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inataka giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hutawanyika, taa haiwaiti tena, mitumbwi inavutwa mchangani na wavuvi wanalala usiku kama watu wengine. Wakati ule wa kazi tunauita giza, na ule wa mapumziko tunauita mbalamwezi. Murangi nzima inaishi hivyo. Harusi huwekwa mbalamwezi, kuezeka nyumba mbalamwezi, kwenda ukweni mbalamwezi. Hata deni mtu anakuambia, "Nisubiri giza likianza." Mimi peke yangu nilitaka kufundisha Jumatatu hadi Ijumaa, kama mtu mwenye mshahara wa serikali.

Niliitoa ile katoni, nikaandika upande wa pili. Nilichora duara mbili, moja nimeijaza mkaa, nyingine nimeiacha nyeupe. Chini ya nyeupe nikaandika MAMBO MAPYA. Chini ya nyeusi nikaandika MARUDIO. Hiyo ndiyo ilikuwa ratiba yote, na ilifanya kazi mpaka mwisho.

Mbalamwezi nilikuwa mwalimu wa kutwa. Tulianza asubuhi jua likiwa bado dogo, kichwa kinapokuwa chepesi, na kila mbalamwezi nilipanga jambo moja kubwa tu: ya kwanza herufi na silabi, iliyofuata maneno mazima, kisha kujumlisha kwa kubeba, kisha kutoa kwa kukopa, kisha kusoma na kueleza. Nilijifunza mapema kwamba ukipanga mawili makubwa, yote mawili yanatoka nusu.

Giza likiingia, nililala mpaka mchana huku watoto wakimsaidia jirani kuanika dagaa, na alasiri tukakaa kwa marudio. Siku hizo sikufundisha mimi. Binti alimfundisha mdogo wake yale aliyojifunza mbalamwezi, nami nililala kwenye mkeka pembeni nimefumba macho, nikisikiliza. Cheo changu kilikuwa mkaguzi.

"Andika moja," nilimsikia akisema.

"Kwa nini moja ina mguu mmoja?"

"Kwa sababu ni moja."

"Na nne?"

"Nne imekunja. Andika!"

"Kaka, eti nne imekunja?"

"Mkaguzi amelala," nikajibu, na wote wakacheka.

Kufundisha kulimnoa kuliko mimi nilivyoweza. Yule mdogo hakukubali kitu bila sababu, na dada yake hakukubali kuonekana hajui, kwa hiyo aliitafuta sababu mpaka akaipata. Lugha nazo zilitupa raha yake. Binti alikuwa amerudi na Kiikizu cha Nyamuswa, mdogo na Kizanaki cha Butiama, mimi na jirani tuna Kijita chetu. Kiswahili kikawa mahali pa kukutania. Kuhesabu tulihesabu kwa lugha zote, mmoja baada ya mwingine, na mtu akichanganya anakwenda kuteka maji. Nilikwenda kuteka maji mara nyingi kuliko wote.

Vitabu hatukuwa navyo, lakini mbalamwezi ilituletea maktaba. Mitumbwi yote ikiwa imevutwa mwaloni, ufukweni kwetu, imejipanga mchangani kwa mstari mrefu, kila mmoja una maneno ubavuni kwa rangi nene: TUMAINI. TUTAFIKA. ASANTE MAMA. USINISEME. KAZI NA SALA. Tulitembea kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho, binti anasoma, mdogo anarudia, na wavuvi waliokuwa wanashona nyavu wanatoa alama.

"Usi-ni-seme," binti alisoma siku ya kwanza alipouweza ule mtumbwi.

"Nani anakusema?" mmoja akamchokoza.

"Sijui. Muulize mwenye mtumbwi anaogopa nini."

Walimpigia makofi. Kuanzia siku hiyo, tukishuka mwaloni mtu lazima apige kelele, "Simameni, mwalimu amekuja!" na wazee wazima wenye ndevu wanasimama wima, "Shikamoo mwalimu," huku wanakufa kwa kucheka.

Hesabu tuliifanya dukani. Duka lilikuwa mkeka wa jirani, bidhaa ni kokoto, vizibo vya soda na dagaa halisi pale jirani alipokuwa na moyo mzuri. Binti ndiye muuzaji, mdogo ndiye mteja, tena mteja mgumu. Jirani alikaa kando anaanika, akirekebisha biashara. "Mpimie vizuri. Sasa mwekee na nyongeza. Mteja asiyepewa nyongeza harudi." Hapa kwetu ndivyo ilivyo. Ukinunua samaki, nyanya, karanga, chochote cha kuhesabu au kupima, muuzaji akishakupa haki yako anachota kidogo tena na kukuongezea. Sikuona ubaya wowote. Nilifurahi jinsi mtoto alivyokuwa anaimaliza hesabu kwa mkono mwepesi wa kibiashara.

Mvua za vuli zilipoanza nilikuwa nimejaa majivuno. Hapo ndipo shangazi alipokuja kututembelea. Alipanda basi Nyamuswa, akamalizia kwa bodaboda, akateremka na kibuyu cha maziwa ya mgando bila kumwaga hata tone, na kabla hajakaa vizuri akasema, "Haya, nionyesheni hiyo shule."

Tukamshusha mwaloni. Ilikuwa mbalamwezi, mitumbwi ipo. Binti akasoma mstari wote, mmoja baada ya mwingine, hakukwama. Shangazi akawa anashangilia kila mtumbwi kama vile ni bao. Tuliporudi nyumbani alitoa Biblia yake kwenye pochi, akaifungua katikati, akamwekea mapajani. "Na hapa, mama. Nisomee na mimi neno la Mungu."

Binti aliitazama. Akaisogeza karibu, kisha mbali. Nikaona masikio yake yanabadilika rangi.

"Shangazi," akasema, "hii ni ya lugha gani?"

"Kiswahili, mama."

Mdogo akachungulia begani kwa dada yake, akatikisa kichwa. "Siyo. Labda ni Kijita cha kanisani."

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilitamani nicheke na nilie. Mimi tangu nianze kazi ya ziwa nilikuwa naandika herufi kubwa tu. Wavuvi wote tunaandika hivyo: kwenye boya, kwenye ndoo, kwenye magunia, ili kionekane kutoka mbali na kisiibiwe. Ubaoni nilikuwa nimeandika hivyo hivyo. Mitumbwi nayo imeandikwa hivyo hivyo. Miezi yote ile nilikuwa nimemfundisha nusu ya kusoma, ile nusu ya kusomea mbali.

Shangazi hakunicheka. Aliifunga Biblia taratibu. "Baba," akasema, "huyu mtoto anasoma mitumbwi tu. Sasa Januari mwalimu atampa mtumbwi?" Alipokuwa anaondoka kesho yake alimkumbatia binti muda mrefu, akaniambia kwa upole, "Nitakuja shule zikifungua. Nitakuja na begi." Nilijua begi hilo ni la kubebea nguo za nani.

Binti alikaa jikoni, hataki kula. Mdogo akanigeukia. "Kwani herufi ndogo ni watoto wa hizi kubwa?"

"Ndiyo," nikasema. "Kila kubwa ni mama, ana mtoto wake."

Binti akainua kichwa. "Nionyeshe."

Tukaanza kabla usiku haujaingia, na mbalamwezi yote iliyobaki tukaitumia kwa jambo hilo moja. O na mtoto wake walimfurahisha, S na K pia, wamefanana. Tulipofika G aliitazama ile ndogo kwa mashaka.

"Huyu hajafanana na mama yake hata kidogo."

"Kafanana na baba," jirani akasema kutoka uani.

Asubuhi iliyofuata nilishtushwa na kelele za mwaloni. Mwenye mtumbwi wa TUTAFIKA, tajiri mmoja mwenye sauti kubwa, alikuwa anazunguka chombo chake. "Nani kauandika mtumbwi wangu? Nani?" Chini ya yale maneno makubwa, kwa mkaa, kwa mwandiko uliopinda kama mkia wa kambare, kulikuwa kumeandikwa: tutafika. Nikatazama mstari mzima. Tumaini alikuwa na mtoto wake. Asante mama naye. Wadogo zangu walikuwa wameamka mapema wote wawili, na mkaa wa jikoni ulikuwa umekwisha.

Binti alijitokeza mbele, mikono nyuma, mweusi mpaka puani. "Ni mimi, baba. Huyo ni mtoto wake."

"Mtoto wa nani?"

"Wa hao wakubwa wa juu. Ninajifunza, maana mwalimu hatanipa mtumbwi."

Yule tajiri alitazama, akasoma polepole, midomo inacheza. Nilikuwa tayari kuomba radhi. "Sasa huyu mtoto," akasema, "akizama je? Mkaa si unafutika?" Watu wote wakaangua kicheko, naye mwenyewe akacheka kuliko wote. Kutoka mwisho wa mstari mvuvi mwingine akalalamika, "Na wangu mbona hamkuuandikia? Au USINISEME ni tasa?" Wakaenda kumwandikia.

Giza lilipoingia mitumbwi ikaondoka na maneno yake, maji yakayafuta, na mbalamwezi iliyofuata wakayaandika upya. Mimi nilikwenda Musoma mjini na gunia la dagaa, nikarudi na kitabu cha hadithi kilichokwisha jalada, kutoka kwa muuzaji anayetandaza chini. Kilisomwa mpaka kikalegea. Mdogo akawa na wasiwasi wake: "Huyu hasomi, ameshakariri," na ili kumjaribu akaanza kumletea dada yake chochote kilichoandikwa: pakiti ya chumvi, karatasi ya dawa, mfuko wa mbegu za pamba. Binti alivisoma vyote. Mimi nilijua kabisa jinsi ya kupanda pamba, ingawa sina shamba.

Shule zilifunguliwa tukiwa kwenye giza. Shangazi alifika jana yake na begi lake kubwa, tupu, akaliweka kando ya mlango. Hakuna aliyelitaja, lakini kila aliyepita alilikwepa. Asubuhi nilitoka ziwani moja kwa moja, nikaoga, nikavaa lile shati langu la mwalimu. Baba mdogo alikuwa ameshafika. Binti alivaa viatu vya kuazima kwa jirani vilivyomzidi kidogo, na tukaenda watu wanne, pamoja na mdogo ambaye hakuna aliyemwita.

Mwalimu mkuu alitukaribisha ofisini, akampa binti kitabu, akamwonyesha ukurasa. Binti akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Alisoma mpaka chini. Alipoambiwa aeleze alieleza, na akaongeza, "Ila huyo mama angemtuma mtoto mkubwa, siyo mdogo. Mdogo anauliza maswali njiani." Mdogo wetu aliguna kwa nyuma.

"Vizuri. Hesabu," mwalimu akasema. Akasogeza bakuli la vizibo vya soda. "Humu vipo hamsini. Nihesabie ishirini."

Nilipumua. Hili alilifanya kila siku. Alihesabu kwa mkono wake mwepesi, akavisukuma mezani, na kisha, kwa ule mzunguko wa mkono ninaoujua, akachota vingine viwili na kuviweka juu.

Mwalimu akavitazama. "Hivi ni ishirini?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Rudia."

Akarudia kwa sauti, vizuri kabisa, mpaka ishirini. "Na hivi viwili ni vya nyongeza."

Baba mdogo alikohoa. Mimi nilitazama sakafu. Akilini nilikuwa nikimwona jirani na mkeka wake, na mimi mwenyewe nimekaa pale nikifurahia.

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Nyongeza ya nini?"

Binti alimshangaa mtu mzima asiyejua jambo kama hilo. "Ili urudi tena."

Mwalimu alijaribu kujizuia. Alitazama dirishani, akatazama dari, mwishowe akavua miwani na kucheka mpaka akajifuta machozi. Nami hofu ikanitoka kidogo, si yote, kwa sababu kalamu ilikuwa bado imelala.

"Sikiliza, binti," akasema alipopata pumzi. "Shuleni hakuna nyongeza. Ukiambiwa ishirini ni ishirini."

"Hata kwa mteja?"

"Hata kwa mteja. Sasa niambie. Vilikuwa hamsini, umetoa hivi vyote. Vimebaki vingapi bakulini? Andika hapa."

Akaandika. Sifuri haitoshi kutoa mbili, akakopa kwa tano iliyo jirani yake, kama tulivyofanya mbalamwezi ile ya kutoa. "Ishirini na nane," akasema. Kisha akafikiri. "Ila kwa kuwa shuleni hakuna nyongeza, naomba viwili vyangu. Viwe thelathini."

Mwalimu akamrudishia vizibo viwili, akachukua kalamu. "La tatu," akasema, akaandika. Halafu akanigeukia. "Alisomea wapi?"

"Nyumbani, mwalimu. Mbalamwezi."

Naye ni mtu wa ziwa hili hili. Akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo maana."

Tukatoka nje. Baba mdogo akasimama, akanishika bega. "Hivi hivi," akasema. "Kumbe inaliwa." Na mdogo wetu, ambaye ndiyo kwanza ameandikishwa la kwanza bila mtu kumuuliza hata moja jumlisha moja, alikuwa analalamika kwamba hakupimwa.

Shangazi alikuwa amekaa mlangoni, begi lipo miguuni. Binti alimwendea. Alisimama mbele yake katika viatu vya kuazima, akanyoosha vidole vitatu. Shangazi alipiga kigelegele kilichomtoa jirani jikoni na mwiko mkononi, wakapokezana vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Kisha akajifuta macho na pindo la khanga. "Sasa ndama wangu wataitwa na nani?"

"Nitakuja likizo, shangazi. Niwasomee na kitabu."

Ndipo binti akalivuta lile begi, akalifungua. Akaenda kwenye gunia letu na sado, lile kopo la rangi tunalopimia, akachota dagaa wakavu, akasawazisha, akamimina. Akachota tena. Begi lilipokaribia kujaa alisimama, sado mkononi, akanitazama kwa mashaka.

"Kaka, hapa si shuleni?"

"Hapa ni nyumbani," nikamwambia.

Akaiweka sado chini, akachota kwa viganja vyote viwili, akajaza mpaka wakamwagika, akawamimina juu ya begi. "Ili urudi tena," akamwambia shangazi.

"Nitarudi, mama," shangazi akasema, akifunga zipu kwa taabu. "Ila nitakuja mbalamwezi, nimkute na huyu mwalimu wenu akiwa macho."

Hilo sikulisikia. Walinisimulia baadaye kwamba nilikuwa nimeshalala, nimeegemea ukuta chini ya ratiba, na chaki zilikuwa zinatafutwa.